Likizo ya Jamaa: Katika Nyayo za Kabalega, Toka Patiko Hadi Mpumudde

Likizo ya askari ni fupi, na aghalabu huisha kabla haijaanza. Siku mbili hupotea njiani, siku tatu hukatika katika kuwaamkia wazee, siku nyingine hupita katika kuezeka nyumba na kusuluhisha magomvi ya mpaka wa shamba. Mara Bwana hujikuta anafunga tena kamba za viatu vya kazi, hali watoto hawajatembea naye hata siku moja. Mama watoto naye, ambaye mwaka mzima ameona kuta zile zile za kota na foleni ile ile ya bomba la maji, huyarudia mapishi yake bila ya kuona jambo jipya.

Shauri la makala haya ni kwamba jamaa itenge siku 7 katika likizo ya mwisho wa mwaka, na izitumie kuzunguka sehemu ya Uganda ambayo wageni wengi huipita kwa mbio. Wanyama wa mbugani na fukwe za Entebbe ni vitu vizuri, lakini vinajulikana. Tunayoyakusudia hapa ni mawe, mahandaki, vilima na vijiji ambamo mambo makubwa ya nchi hii yalitendeka, na ambamo hata leo huwezi kukuta zaidi ya kibao kimoja na mzee mmoja wa kukueleza.

Kuna sababu ya kuwaambia hivi askari na polisi kabla ya watu wengine. Mtoto wa kambini huzaliwa Mbarara, huanza shule Masindi, na humaliza darasa la saba Moroto. Amekaa katika miji mitatu, na kila mji kwake ni jina la kambi tu. Zaidi ya hayo, vita vya kaskazini vilivyoanza miaka ya 1980 na kutulia mwaka 2006 viliwafanya watoto wengi wa Uganda kulijua jina la Gulu kama mahali baba alikopelekwa, na wengine kama mahali ambapo hakurudi. Wenyeji wa huko nao, zaidi ya watu milioni 1, waliishi katika kambi za waliohama makwao, na askari waliwaona wakiwa na silaha mikononi. Yafaa basi askari yule yule arudi huko na mkewe na watoto wake, katika nguo za kiraia, apige hodi kama mgeni na kuketi chini kusikiliza.

HADITHI MOJA, NJIA MOJA

Safari ya watoto huharibika inapokuwa rundo la mahali pasipohusiana. Mtoto huona jiwe leo, kaburi kesho, na keshokutwa hakumbuki lolote. Kwa hiyo tumechagua hadithi moja yenye kichwa na mkia: maisha ya Omukama Kabalega, aliyetawala Bunyoro toka kiasi cha mwaka 1870, akapigana na wageni kwa muda mrefu, akakamatwa ugenini, na akafariki akiwa njiani kurudi kwao.

Njia yenyewe ni mzunguko: Kampala, Gulu, Lira, Soroti, Kumi, Mbale, Jinja, kisha Kampala. Jumla yake, pamoja na michepuko, ni kati ya kilomita 900 na 1,000, na barabara kuu yote ni ya lami. Anayekaa Soroti au Mbale aanzie hapo hapo alipo, kwani mzunguko hauna mlango mmoja.

MATAYARISHO

Fedha ndiyo inayovunja safari nyingi, na huzivunja kwa sababu hutafutwa mwezi wa mwisho. Mama wa nyumbani aanze kuweka akiba mwezi wa Machi, kidogo kidogo kila mshahara, katika bahasha tano: nauli, malazi, chakula, viingilio pamoja na zawadi za waongozaji, na dharura. Bahasha ya dharura isifunguliwe kwa ajili ya soda wala vitenge. Ikirudi nyumbani haijaguswa, iwe mwanzo wa akiba ya mwaka unaofuata.

Desemba na Januari ndiyo miezi inayofaa. Shule zimefungwa, na kaskazini mvua imekwisha, hivyo njia ya udongo ya kwenda Patiko hupitika bila ya taabu. Walakini jua ni kali na vumbi ni jingi. Kila mtoto awe na kofia, chupa yake ya maji, na kitambaa cha kufunika pua. Vyandarua visisahauliwe, maana malaria ni nyingi katika sehemu zote hizi. Chukueni pia sweta moja kwa kila mtu. Jioni za Mbale, chini ya Mlima Elgon, zina baridi kuliko mnavyodhani.

Bwana naye ana lake la kutengeneza. Ruhusa ya likizo iombwe mapema na karatasi yake isafiri pamoja naye. Sare ibaki nyumbani, na silaha isiingizwe kabisa katika habari hii. Wenye gari watazame magurudumu na breki kabla ya kuondoka. Wasio na gari wasivunjike moyo: mabasi hufika miji yote tuliyoitaja, na toka mjini hadi kijijini kuna teksi na pikipiki. Jamaa ya watu watano au sita huona nafuu kukodi gari dogo kwa siku moja, na bei ipatane kabla mtu hajaingiza mguu.

SIKU YA KWANZA: BOMBO NA KARUMA

Siku hii ndiyo ndefu kuliko zote, kwani Gulu ni kiasi cha kilomita 330 toka Kampala. Ondokeni alfajiri. Kituo cha kwanza ni Bombo, mji ambao kila askari anaujua. Hapo waelezeni watoto habari za Wanubi. Katika miaka ya 1870 na 1880 serikali ya Misri ilikuwa na majeshi yake katika sehemu za juu za Mto Naili, na mtawala wao wa mwisho huko alikuwa Emin Pasha. Yeye alipoondolewa na Stanley mwaka 1889, wengi wa askari wake walibaki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua toka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaweka katika ngome za magharibi mwa Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi wa leo, na ukoo wa majeshi ya nchi hii hauwezi kuelezwa bila ya kuwataja. Mama atapenda kutazama vikapu na mikeka yao ya rangi nyingi, ambayo ni kazi ya mikono ya wanawake.

Mbele zaidi mtavuka Mto Kafu, uliokuwa mpaka wa kale wa Bunyoro, kisha mtaufikia Mto Naili hapo Karuma, ambapo maji hupita juu ya mawe kwa kishindo. Karibu hapo kuna kituo cha umeme cha megawati 600 kilichozinduliwa mwaka 2024. Watoto watazame kwa macho. Kamera na simu zikae mifukoni, kwa kuwa daraja na mitambo ya umeme si mahali pa kupigia picha.

SIKU YA PILI: NGOME YA PATIKO

Baada ya kulala Gulu, elekeeni kaskazini kiasi cha kilomita 30 hadi Patiko. Mtaona kilima cha mawe makubwa yaliyopandana. Kabla ya mwaka 1872 mahali hapa palikuwa kituo cha wafanya biashara ya watumwa waliotoka Khartoum. Watu walitekwa vijijini, wakakusanywa hapa, kisha wakapelekwa kaskazini kwa miguu wakiwa wamefungwa. Wenyeji watawaonyesha mapango yaliyo kati ya mawe, na watawaeleza yupi alifungiwa wapi.

Mwaka 1872 alifika Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na Khedive Ismail wa Misri pamoja na jeshi. Alikuwa na amri mbili: kukomesha biashara ya watumwa, na kuitia nchi chini ya Misri. Hapa ndipo hadithi yetu inapoanza, kwa kuwa Baker alikuwa ametoka Masindi, alikotangaza kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Misri. Kabalega, aliyekuwa kijana bado, hakukubali. Mwezi wa Juni mwaka huo vita vilizuka, Baker akauchoma mji, kisha akarudi nyuma akishambuliwa njia nzima. Alipofika Patiko alipigana na wafanya biashara ya watumwa, akawashinda, akajenga ngome ambayo kuta zake za mawe na handaki lake vinaonekana hata leo.

Kuna jambo jingine hapa ambalo kina mama na mabinti watapenda kulijua. Baker alikuwa na mkewe, Florence, katika safari yote hiyo. Inasimuliwa kwamba bibi huyo mwenyewe alikuwa msichana wa kuuzwa katika soko la watumwa la Vidin, katika dola ya Waturuki, na Baker alimkuta huko mwaka 1859. Hivyo mwanamke aliyeponea chupuchupu kuuzwa huko Ulaya alifika kukaa juu ya mawe haya, ambapo watu wa Acholi walikuwa wakiuzwa.

Mtoto mwenye akili atauliza: Baker alikuwa mtu mwema au mbaya? Mzazi asiharakishe kujibu. Amwambie kwamba askari wale wale waliofungua minyororo ya watumwa walikuwa wamekuja kuchukua nchi ya watu. Tena ngome ile ile, baada ya Baker kuondoka, ilikaliwa na askari wengine, nao walikula chakula cha wanakijiji. Kwa mtoto ambaye baba yake huvaa sare, hakuna darasa litakaloyafundisha haya vizuri kuliko mawe ya Patiko. Na baba mwenyewe, akikaa kimya kidogo pale juu ya kilima, atakuwa na mengi ya kuwaza juu ya kazi yake.

Mkirudi Gulu jioni, agizeni malakwang, yaani mboga ya majani machachu iliyoungwa kwa karanga za kusaga, pamoja na viazi vitamu au ugali wa wimbi. Mama ajaribu kupata mafuta ya mti wa shea sokoni. Wanawake wa Acholi na Lango huyatumia kwa kupikia na kwa kupaka ngozi.

SIKU YA TATU NA YA NNE: LIRA NA KANGAI

Siku ya tatu iwe nyepesi. Safiri hadi Lira, fueni nguo, watoto wacheze. Siku ya nne chukueni barabara ya Dokolo na Soroti, na huko Dokolo ulizeni njia ya Kangai.

Waingereza walianza vita na Kabalega mwanzoni mwa mwaka 1894. Waliitwaa nchi yake, naye akavuka Mto Naili na kuingia kwa Walango, akawa anarudi na kupiga, kisha akitoweka tena. Mwaka 1898 alijiunga naye Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyekuwa ameasi mwaka 1897. Watawala wa Bunyoro na Buganda walikuwa maadui wa vizazi vingi; wawili hawa walikutana wakiwa wakimbizi katika nchi ya watu wa tatu, waliowapa hifadhi. Tarehe 9 Aprili 1899, hapa Kangai, jeshi lililoongozwa na Kanali Evatt, pamoja na Waganda waliokuwa chini ya Semei Kakungulu, liliwazingira na kuwakamata wote wawili. Kabalega alipigana hadi risasi zikamjeruhi mkono, na mkono huo ulibidi ukatwe.

Msitazamie jumba la makumbusho hapa. Mtaona mashamba, mabonde yenye majimaji, na watu wanaokwenda kisimani. Yule asiyejua kilichotokea hupita bila ya kupunguza mwendo. Ndiyo sababu tunasema mtafuteni mwenyekiti wa kijiji kwanza, mumweleze mmetoka wapi na mnataka nini, naye atawaonyesha nani anayeijua habari. Mpe mzee huyo nafasi ya kusema kwa lugha yake na mtu atafsiri. Mtoto mkubwa awe na daftari, aandike jina la mzee, tarehe, na maneno aliyoyasema. Wazee wanaosimulia mambo waliyosikia kwa babu zao hupungua kila mwaka, na kitabu cha mtoto wa darasa la saba huenda kikawa ndicho pekee kilichoyahifadhi.

SIKU YA TANO: MICHORO YA NYERO

Toka Soroti hadi Kumi ni mwendo mfupi, na kiasi cha kilomita 8 toka mji wa Kumi, kwenye njia ya Ngora, kuna miamba ya Nyero. Hapa tunamwacha Kabalega kwa siku moja, kwa kuwa haifai kupita Teso bila ya kuiona michoro hii. Ni ya kale kuliko falme zote tunazozijua kwa majina. Waliochora walikuwa watu wa kuwinda na kuchuma matunda ya mwitu, walioishi hapa kabla ya Wateso kufika.

Mtoto anayetazamia picha za simba na ndovu atashangaa. Mingi ya michoro ni ya duara, duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu, na mingine imefanana na mtumbwi. Katika pango la pili, ambalo ndilo zuri kuliko yote, mwamba husimama kama ukuta wa nyumba ya ghorofa na duara zimejaa juu yake. Wataalamu wamefikiri kwamba zilihusu mvua, au jua, na hakuna aliyeithibitisha maana yake. Wenyeji nao kwa muda mrefu wamepaheshimu kama mahali pa kuombea.

Kuna sheria moja hapa isiyo na msamaha: mkono usiguse rangi. Jasho la vidole, maji yanayomwagwa ili picha ing'ae, na majina yanayochorwa kwa mkaa huifuta kazi iliyodumu karne nyingi. Baba amchunge mtoto mdogo, na mama amchunge baba, maana hodari wa kuandika jina lake juu ya mwamba mara nyingi ni mtu mzima.

SIKU YA SITA: MBALE

Huko Mbale mtamkuta tena yule Kakungulu wa Kangai. Baada ya mwaka 1899 alipita na watu wake katika nchi za mashariki, akajenga ngome, na mwanzoni mwa karne ya 20 akauanzisha mji huu. Alitazamia kufanywa mfalme wa nchi alizoziteka, lakini Waingereza hawakumpa ufalme huo. Mwishowe aliachana nao, na mwaka 1919 akafuata dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake. Jumuiya yao, Abayudaya, ipo hadi leo katika kilima cha Nabugoye karibu na mji. Watoto wataona kwamba mtu aliyemkamata Kabalega kwa niaba ya wageni naye hakupata alichoahidiwa.

Jamaa yenye nguvu bado yaweza kutumia siku hii kupanda Sipi kutazama maporomoko ya maji. Waliochoka wabaki mjini na waonje malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga.

SIKU YA SABA: MPUMUDDE

Kabalega alipelekwa Kismayu, kisha visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifariki huko mwaka 1903. Kabalega alikaa uhamishoni kiasi cha miaka 24, akawa mzee, na mwaka 1923 akaruhusiwa kurudi. Alifika Jinja, akawa hana ila kuvuka Mto Naili na kuendelea magharibi hadi kwao. Ugonjwa ulimshika hapo, na tarehe 6 Aprili 1923 akafariki katika kilima cha Mpumudde. Maana ya jina hilo ni "nimepumzika", na husemwa kwamba latokana na maneno yake mwenyewe. Mwili wake ulizikwa Mparo, karibu na Hoima.

Fikeni hapo kabla ya saa sita mchana, mpate saa nzima ya kukaa. Toka hapo hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 80, na mtafika nyumbani kabla ya giza.

ADABU ZA MGENI

Mambo machache yafuatwe mahali pote. Salamu zitangulie maswali, na kila mtoto ajifunze neno moja la kusalimia kwa Kiacholi, Kilango, Kiteso na Kigisu. Picha ya mtu isipigwe bila ya ruhusa yake. Kiingilio kilipwe na risiti ichukuliwe. Jiwe, kigae wala mfupa usichukuliwe, hata kama ni mdogo. Na ikiwa mwenyeji atawaeleza jambo chungu la wakati wa vita, Bwana asijitetee wala asibishane. Asikilize mpaka mwisho, kisha ashukuru.

Siku ya kurudi, kabla nguo chafu hazijatolewa katika mizigo, mtoto aliyekuwa na daftari asome mbele ya wenzake aliyoyaandika. Yenye makosa yasahihishwe, majina ya wazee yaandikwe vizuri, na daftari liwekwe pamoja na hati nyingine za nyumba. Mwaka utakaofuata, bahasha tano zitakapofunguliwa tena mwezi wa Machi, ulizeni watoto wanataka kufuata hadithi ya nani. Magharibi kuna mahandaki ya Bigo kando ya Mto Katonga, na mti wa Nakayima huko Mubende, nazo zawangojea.